Meza ya Mawe ya Kijani

Mama yangu alikuwa akishona mapazia ya wake za mainjinia. Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza katika nyumba ambazo sisi wa Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Kolwezi, tulizijua kwa nje tu, zile za upande wa mji wenye miti ya jakaranda na ua uliokatwa sawasawa. Alikwenda asubuhi na utepe wake wa kupimia shingoni, akapima madirisha, akarudi mchana, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua mlangoni na kuanza kutueleza alichokiona. Alikuwa na macho ya fundi. Alikumbuka kabati lina milango mingapi na taa imening'inia kwa mnyororo au kwa waya. Baba alimsikiliza huku akinawa mikono ya kazi, kisha akauliza swali lake la siku zote: "Kwa nyuma, iko namna gani?" Kama mama hakujua, siku ya kupeleka mapazia alichungulia nyuma ya kile kitu ili amletee baba jibu.

Nyumba za kambi yetu zilikuwa zimepangwa mistari mistari, zote za kampuni, zote sawa: mlango uleule, dirisha lilelile, rangi ileile hadi usawa wa kiuno. Mlevi aliyepotea njia aliweza kuingia kwa jirani, akakaa mezani akingojea chakula, asigundue mpaka aone sura ya mwanamke. Kwetu asingekosea. Baba alikuwa fundi wa karakana, na alichoruhusiwa kuchukua katika mabaki ya kazi alikileta nyumbani. Kwanza tulitengeneza taa. Mama aliiona kwa mke wa daktari, na baba akaisuka kwa nyuzi za shaba zilizotoka ndani ya nyaya mbovu, sisi watoto tukizinyoosha kwa kuzivuta kwenye msumari. Kisha tukatengeneza rafu ya ukutani kwa mbao za masanduku ya baruti, na mama akashona mapazia kwa magunia ya unga aliyoyatia rangi. Kila kimoja kilichukua Jumapili nyingi, na kila kimoja kilikuwa na ugomvi wake.

Halafu mama akaiona meza.

Ilikuwa kwa mke wa injinia mmoja mzungu, katikati ya salo, sebule yao, ndefu kama kitanda cha mtoto, na juu yake ilikuwa imefunikwa kwa vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo kwetu watoto waliwarushia mbuzi. Mama aliporudi hakukaa kwenye ndoo. Alisimama na kuonyesha kwa mikono upana wake.

"Wameyapanga kama maji," alisema. "Unaona kama mistari inatembea."

Baba akasema, "Lile jiwe linatoka hapa kwetu. Kwa nini likae kwao tu?"

Jumapili hiyohiyo baada ya misa tulienda kwa miguu hadi Musonoi, baba, mama akiwa mjamzito, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume. Pembeni ya mashimo ya mgodi kulikuwa na vilima vya udongo ambao malori yaliumwaga kama takataka. Tuliinama huko mpaka jua likatuunguza shingo, kila mtu na kopo lake la maziwa. Mlinzi akija, baba alimsalimu kwa heshima na kumwambia tunatafuta vijiwe vya watoto kuchezea. Tulirudi Jumapili nyingi. Mimi nilipata kipande kimoja kilichokuwa na duara ndani ya duara, kama jicho la kinyonga, na nilikataa kukiweka katika kopo pamoja na vingine. Nilikishika mkononi hadi nyumbani.

Baba alitengeneza fremu ya mbao, akailaza juu ya bati lililopakwa mafuta, akatuambia tupange mawe upande mzuri ukitazama chini. Kila mtu alipewa pembe yake. Mimi nilichagua pembe ya upande wa dirisha, na jicho langu nikaliweka hapo. Wadogo zangu walipigana juu ya kipande kimoja hadi mmoja akatoka damu puani. Juu ya mawe baba alimwaga saruji na kulaza nyaya za chuma. Baada ya siku kadhaa aliwaita wanaume wanne wa mstari wetu wamsaidie kuipindua. Ilikuwa nzito mno. Walipoipindua hatukuona chochote cha kupendeza, saruji na matope tu, na mmoja akasema, "Fundi, umetengeneza kaburi."

Kisha tukaanza kusugua. Kiangazi chote tulisugua, kwa tofali kwanza, kwa mchanga na maji, kisha kwa msasa ambao baba aliuleta ukiwa umechakaa. Mikono yetu ilikuwa ya kijani hadi mwalimu akaniuliza kama nimekula rangi. Siku moja, mama akiwa anaimwagia maji, mistari ilitokea. Alikaa chini sakafuni na tumbo lake kubwa na kuitazama. Baba alimtazama yeye.

Watu walikuja kuiona. Aliyekuja zaidi ya wote alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke kijana aliyetoka kaskazini ya Katanga na mumewe, dereva wa mtambo mgodini. Alimwita mama *yaya*, dada mkubwa, na mama alimwita *mudogo*. Aliingia bila kubisha, akapitisha kiganja juu ya meza, akauliza maswali kama baba. Mama alimfundisha kushona mapazia ya magunia. Baba alimtengenezea rafu kama ya kwetu. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alipozaliwa, ni yeye aliyemwogesha mama na mtoto, na kutupikia wiki nzima. Nasema hivi ili nisije nikamwonea. Alitupenda. Na alipenda nyumba yetu. Sijui alipenda kipi zaidi, na nadhani hata yeye hakujua mpaka siku alipolazimika kuchagua.

Mambo ya kampuni yalikuwa yameanza kuoza. Unga wa wafanyakazi ulichelewa, kisha ukaja nusu, kisha haukuja. Mitambo ilisimama kwa kukosa vipuri, na baba alishinda karakana akipanga na kupangua visanduku vya misumari. Askari walipopora maduka ya mjini, watu wakaingia pia nyumba za wazungu, na wazungu wakaondoka karibu wote. Siku hiyo mama alisimama kando ya barabara akaona vitu alivyotusimulia miaka yote vikipita mbele yake: mapazia aliyoyashona mwenyewe yamefungia vyombo, taa ya mke wa daktari juu ya kichwa cha mtu. Meza ya malakiti ilipita kwenye mkokoteni, imevunjika vipande viwili. Alirudi nyumbani akaifuta ya kwetu kwa kanga yake.

"Ya kwetu hakuna atakayeweza kuibeba," alisema. Alisema kwa fahari.

Kisha maneno yakaanza redioni na kwenye mikutano. Wakubwa wa jimbo na wa chama chao walisema Katanga imejaa wageni, kwamba watu wa Kasai, jimbo la jirani, ndio waliokula kazi zote na nyumba zote, warudi kwao. Babu yangu, baba wa baba, aliletwa kutoka Kasai na treni ya kampuni akiwa kijana. Baba alizaliwa katika zahanati ya kambi, hatua mia chache kutoka mlango wetu. Mama pia alizaliwa Kolwezi. Kasai hatukuwahi kuiona, wala wazazi wangu hawakuwahi. Lakini jina la ukoo lilitosha. Watoto niliocheza nao walianza kutuita *bilulu*, wadudu. Asubuhi moja baba alifika lango la karakana akakuta vijana wa chama wameshika orodha, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake, ambaye baba alimfundisha kushika tupa. Kijana huyo hakumtazama usoni. Alimwita *tata*, baba, akamwambia tu, "Tata, jina yako haiko. Rudia ku nyumba."

Baba alirudi. Alikaa mbele ya meza, mikono imelala juu ya mawe, akasema, "Nilimwonyesha hata namna ya kusimama, asichoke mgongo."

Mawe yalirushwa juu ya mabati yetu siku tatu. Jirani hakuonekana kwa wiki mbili. Alipokuja, ilikuwa mchana wa saa nane, na kwa mara ya kwanza alibisha.

"Yaya," alisema, "bwana yangu anasema hii wiki batapita nyumba kwa nyumba. Muende mbele ya kufukuzwa. Ni heri."

"Twende wapi, mudogo?" mama aliuliza.

"Ku stesheni. Benzenu bote bako kule."

Neno hilo, *benzenu*, wenzenu, mama alilirudia polepole, kana kwamba analionja.

Jirani alitazama chini. Kisha akasema lile alilokuja kulisema. "Bitu byenye hamutaweza kubeba, mi nitabichunga. Bwana yangu amekwisha kuongea na bale ba chama. Hii nyumba batatupatia sisi. Kuliko bengine baingie babomoe yote, yaya, heri mi. Mi najua namna mulibitengeneza."

Baba, aliyekuwa chumbani, alitoka na nyundo. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza. Sikuwahi kumwona baba akinyanyua chombo chochote kwa hasira, na nilitamani apige. Nilitamani kwa moyo wangu wote. Mama aliweka mikono yake miwili juu ya mawe, vidole vimetawanyika.

"Tata, hapana," alisema. "Ni kazi ya batoto."

"Njo maana," baba akasema. Ndiyo maana.

"Ukivunja, tutakuwa tumekaa hapa bure."

Baba aliiacha nyundo sakafuni, akatoka nje.

Tulifunga kilichofungika: masufuria, blanketi, cherehani ya mama. Asubuhi ya kuondoka, wazazi wakiwa nje wanapanga mizigo juu ya baiskeli, nilichukua patasi ya baba na ile nyundo nikaenda kwenye pembe yangu. Nilitaka kulitoa jiwe langu tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na niliona ni haki yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeliokota mimi. Lakini saruji ya baba ilikuwa imelishika. Kwa pigo la pili jicho lilipasuka, kwa la tatu likawa unga wa kijani, na palipokuwa na jiwe pakabaki shimo kama jino lililong'oka. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinipiga kofi ambalo nililisikia sikioni siku nzima. Na nyuma ya mama, mlangoni, jirani alikuwa ameshakuja. Alikuwa na ndoo ya maji na tambara. Alianza kudeki kabla hatujatoka.

Stesheni ya Kolwezi tulikaa wiki sita. Watu walikuwa wamelala kila mahali, juu ya reli, chini ya mabehewa yaliyokufa, katika uwanja wa shule ya jirani, na mvua zilikuwa zimeanza. Treni ilikuja pale ilipotaka, na ilipokuja waliopanda ni wenye nguvu. Choo hakikuwepo. Mdogo wetu wa kike, ambaye hakuwa ametimiza mwaka na nusu, alianza kuharisha wiki ya tatu. Mtawa mmoja alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alifariki siku ya tano, mchana, mgongoni mwa mama, na mama aliendelea kutembea naye huku na huko, akijua. Tulimzika makaburi ya mji. Kati yetu sote, yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kubaki Kolwezi.

Jirani alisikia habari. Alikuja stesheni amebeba bukari, ugali wa kwetu, na sombe, majani ya muhogo, katika sufuria letu kubwa ambalo halikuingia kwenye mzigo. Alilia, na alilia kweli, maana alikuwa amemwogesha yule mtoto siku ya kwanza ya uhai wake. Mama alipokea chakula kwa mikono miwili. Baba aligeuka akatazama upande wa reli, hakula. Wadogo zangu walikula. Mimi pia nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa, na hadi leo sijajisamehe kwamba kilikuwa kitamu.

Treni ilitushusha Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Tulifika "kwetu." Watu wa kwetu walituuliza kwa nini tunaongea kama wageni, na Kiluba chetu, kilichojaa Kiswahili, kiliwachekesha sokoni. Walituita watu wa Katanga. Tulipewa kiwanja pembeni, tukajenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na baba aliijenga imara, lakini alipomaliza kuta aliweka vyombo vyake katika gunia akalifunga kwa kamba. Mama alimwomba rafu ya vikombe. Alisema kesho. Alisema kesho miaka mitatu. Vikombe vilikaa chini, juu ya gazeti.

Mwaka wa tatu alipita mfanyabiashara mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi kati ya Kolwezi na Kasai. Alitufahamu tangu Kapata. Aliketi mlangoni, akanywa maji, akatupa pole ya mtoto, kisha akasema ana ujumbe.

"Mama, yule aliyeingia katika nyumba yenu anakusalimia sana. Anasema ile meza imepoteza mng'aro. Anauliza, ulikuwa ukiipaka nini?"

Nilidhani mama atamfukuza. Baba aliyekuwa akimenya muhogo aliacha kisu. Lakini uso wa mama ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu stesheni.

"Leta karatasi," aliniambia. "Andika."

Mama hakujua kuandika vizuri. Aliniambia polepole: nta ya nyuki, iyeyushwe juu ya moto mdogo, iongezwe mafuta ya taa kidogo, ipakwe kwa kitambaa cha sufu kwa kufuata mistari ya jiwe, iachwe ilale, isuguliwe asubuhi. Alirudia jambo la kitambaa mara mbili. Alisema pia nimwandikie asiweke kamwe kitu kikali juu yake, asiweke ndimu, kwa sababu baba alikuwa ametufundisha kwamba ndimu hula lile jiwe.

Niliandika: *Chukua ndimu na chumvi, kama unavyosafisha shaba. Paka nyingi. Acha mpaka asubuhi.* Nikakunja karatasi, nikampa mfanyabiashara, na mama akamfungia karanga za njiani.

Alirudi baada ya miezi mitano. Hakuketi. Alisema jirani anauliza kama labda alikosea kipimo, kwa sababu meza yote imeota weupe kama chokaa na mawe yamekwaruzika kama ngozi ya mgonjwa, na hata wakisugua hairudi. Alisema yule mwanamke alilia sana, kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa akiwaonyesha wageni.

Baba aliuliza, "Aliweka nini?"

"Ndimu, tata. Njo ilikuwa ku barua."

Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha kwanza tangu tufike, na kilinipa furaha ambayo siwezi kuieleza. Kisha mama akamtazama, na baba akaacha kucheka, akachukua jembe akaenda shambani.

Mama aliningojea mpaka mfanyabiashara alipoondoka. "Uliandika nini?"

Nilimwambia, neno kwa neno. Nilinyanyua shavu, nikingojea kofi. Hakunipiga. Aliendelea kukunja nguo.

"Mama, yeye alichukua nyumba yetu," nikasema. "Kwa nini ulimpa dawa yake?"

Alikaa na nguo mapajani. "Huku tangu tufike," alisema, "hakuna hata mtu moja aliniuliza kitu chenye mi najua. Yeye aliniuliza."

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Nimejaribu kujuta na sikuweza. Nikimkumbuka jirani na ile ndoo yake ya maji, ningeandika vilevile. Lakini tangu siku ile, mama alipotaka kumwandikia mtu, hata dada yake, hata padri, alivaa viatu vyake na kutembea hadi kwa katekista, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, akiniacha nimekaa nyumbani na kalamu.